Rangi ya Manel

Kila asubuhi kabla ya shule Upeksha alikunja petali. Mama yake, Sriyani, aliuza maua mbele ya lango la hekalu la Galwewa, na ua la manel, yaani yungiyungi la majini, haliuziki likiwa limefumba kama ngumi. Anayekwenda kusali anataka ua lililo wazi la kuweka mbele ya Buddha. Kwa hiyo mama na binti walikaa kwenye vigoda wakafungua maua kwa vidole, petali moja moja, wakizikunja kuelekea nje mpaka kila ua likatoa uso. Maua yenyewe yalikuwa ya zambarau iliyokolea, yamejaa petali kama kabichi. Mkulima mmoja wa ng'ambo ya barabara kuu aliyapanda kwenye vidimbwi vyake na kuyaleta kwa baiskeli kabla jua halijatoka.

Saa moja ikifika, Upeksha alinawa, akavaa gauni lake jeupe la shule, mama akamsuka nywele mikia miwili huku akimfokea asitikise kichwa, kisha mtoto akatoka mbio.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ule alitaka kitu kimoja tu. Bustani ya mimea ya serikali kule milimani ilikuwa imetangaza kwamba itachukua watoto kumi na wawili, iwafundishe kuchora maua kwa rangi za maji kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Kila shule ingetuma mchoro mmoja wa manel, ua la taifa. Mchoro mmoja, basi. Ukiachwa shuleni, umeachwa.

Babu yake mzaa mama alikuwa amefanya kazi katika bustani ile miaka thelathini na minne. Hakuchora kadi za sikukuu. Wataalamu walimletea ua, naye alilichora kiasi kwamba mtu asiyewahi kuliona angeweza kulitambua porini. Alifariki Upeksha akiwa na miaka mitano. Aliacha brashi mbili, sahani nyeupe ya kuchanganyia rangi, na mchoro mmoja wa manel uliotundikwa ukutani mkabala na mlango. Watu walipoingia nyumbani kwao waliutazama mchoro huo kwanza, kisha ndipo wakasalimia.

Upeksha alikaa wiki nzima mbele ya mchoro huo akaunakili. Alihesabu petali. Alipima kikonyo kwa penseli. Rangi ya ua ilikuwa nyepesi sana, kama maziwa yaliyodondoshewa tone la wino, naye akaiiga hivyo hivyo.

Ijumaa, Mwalimu Ranaweera alipanga michoro ya darasa la saba juu ya meza. Watoto arobaini walikuwa wamechora ua la zambarau, kama lilivyokuwa kwenye chati kubwa iliyobandikwa juu ya ubao. Mmoja alikuwa amechora kitu cheupe.

"Hii ya nani?" akauliza Mwalimu.

"Yangu, Mwalimu."

"Ua hili lina upungufu wa damu," akasema Pasindu kutoka dawati la nyuma. "Lipelekeni zahanati."

Darasa likacheka. Upeksha hakugeuka. Pasindu ndiye aliyechora zambarau nzuri kuliko wote, na alijua.

"Upeksha, mkono wako ni mwepesi," akasema Mwalimu. "Mstari wako unaupita wa wote hapa, hata wa Pasindu. Lakini rangi hii siyo. Tazama chati. Chukua zambarau, pitishia juu, nitautuma mchoro wako leo leo."

"Hapana, Mwalimu."

Mwalimu Ranaweera hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Alikuwa mwembamba, mrefu, na miwani yake ilikaa katikati ya pua kana kwamba imechoka kupanda.

"Umesema?"

"Chati imekosea. Manel haiko hivyo. Babu yangu alichora manel, na babu yangu alikuwa wa bustani."

"Miaka kumi na minane nafundisha kwa chati hii."

"Basi imekosea miaka kumi na minane."

Mtu mmoja akapiga mluzi mdogo. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Nikuulize jambo moja, na unijibu ukinitazama. Wewe mwenyewe, kwa macho yako, umeiona manel ya porini?"

Upeksha akamtazama. "Nimeiona."

Hakuwa ameiona. Bwawa kubwa la Galwewa lilikuwa limefunikwa na magugu maji tangu kabla hajazaliwa, na manel pekee aliyoijua ni ile ya mezani kwa mama yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na yeye hakuwa mtoto wa kurudisha neno.

"Vizuri," akasema Mwalimu. "Jumatatu saa tatu uilete hapa darasani. Ikifanana na mchoro wako, wako ndio utakaokwenda. Isipofanana, utakwenda wa Pasindu. Gari la posta linapita saa sita na nusu, sitasubiri tena."

Jioni hiyo Upeksha alimwambia mama yake kila kitu, isipokuwa uongo.

"Manel ya porini?" Sriyani akafikiri. "Kile kibwawa cha juu, nyuma ya mashamba ya mpunga, magugu hayajafika. Kesho tutakwenda. Lakini twende jua likiwa limepanda kidogo. Ua hilo lina majivuno, halimfungulii mtu kabla ya saa mbili."

Jumamosi walipita juu ya matuta ya mashamba, mama mbele, Upeksha nyuma na ndoo. Kibwawa kilikuwa kidogo, nyati wawili wa kufugwa wamelala ndani yake mpaka puani. Na juu ya maji, kati ya majani mapana, yalisimama maua kama kumi na matano.

Upeksha akasimama.

"Mama, siyo haya."

"Siyo nini?"

"Siyo manel. Mbona ya buluu?"

"Ulitaka ya rangi gani, ya wali?"

Yalikuwa ya samawati, kama anga ya asubuhi mvua ikishakatika. Ncha za petali zilikolea, na kadiri zilivyoshuka kuelekea katikati zilififia mpaka zikawa nyeupe. Hayakuwa ya zambarau kama chati. Wala hayakuwa ya maziwa kama mchoro wake.

"Ya Babu siyo hivi," akasema. Sauti yake ilikuwa kali, kana kwamba maua ndiyo yenye makosa.

"Ya Babu imepauka, mwanangu." Mama yake alikuwa ameshakunja gauni na kuingia majini. "Miaka ishirini na sita jua la asubuhi linaingia mlangoni na kuuchapa mchoro ule. Bibi yako ndiye aliyeutundika pale, ili wapita njia wajue mumewe ni nani. Babu yako alilalamika mpaka akachoka. Akasema rangi ya maji ikikaa juani ni kama sukari ikikaa mvuani. Bibi yako akamjibu, kama hutaki jua, hamia chini ya kitanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulijifungia wiki nzima, hata kuitwa kula hutaki." Akainama, akabandua ruba kutoka kwenye kifundo cha mguu na kumtupa mbali. "Njoo uyaone vizuri. Hili limefunguka leo, ni la siku ya kwanza. Lile la siku ya pili. Na lile kule pembeni, lililofifia, ni la siku ya tatu. Kesho linazama."

Upeksha akaliangalia lile la pembeni. Lilikuwa limechoka, petali zimelegea kidogo. Na rangi yake ilikuwa imetoka karibu yote. Lilikuwa jeupe lenye kivuli cha buluu.

Lilikuwa mchoro wake hasa.

Akapiga hesabu upesi. Ua la siku ya kwanza Jumamosi, Jumatatu litakuwa la siku ya tatu. Akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kitambaa chake, akaingia majini, akaufunga kwenye kikonyo cha ua jipya lililo karibu na ukingo.

"Unafunga nini hapo?" akauliza mama.

"Alama tu."

"Ya nini?"

"Ya kulijua."

Sriyani akamtazama binti yake kwa muda. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na mengi aliyokuwa nayo yalikwisha pale langoni mwa hekalu.

"Mimi nauza maua niliyoyakunja kwa vidole," akasema. "Kila anayenunua anajua nimeyakunja. Sijawahi kumwambia mtu kwamba yamefunguka yenyewe."

Kisha akachukua ndoo wakarudi nyumbani. Hakulisema tena.

Jumatatu Upeksha alikwenda kibwawani peke yake kulipopambazuka. Maua yalikuwa bado yamefumba. Akakata lile lenye uzi. Halafu, bila kujua sawasawa kwa nini, akakata na tumba moja nene lililokuwa halijawahi kufunguka, na jani lake. Akayatia yote kwenye ndoo ya maji, akayafunika kwa kitambaa kilicholowa.

Shuleni aliiweka ndoo juani kwenye veranda. Saa tatu ilipokaribia akainua ncha ya kitambaa. Yote mawili yalikuwa yamefunguka. Moja lilikuwa la samawati kali, jingine limepauka kama alivyotaka. Akalifunika la samawati, akaukata uzi wa lile jingine kwa meno.

Moyoni alikuwa na maneno tayari. Hili nalo ni manel. Limeota bwawani. Sikulipaka chokaa. Nani atasema nimedanganya?

Mwalimu Ranaweera alikuwa ameweka meza katikati ya darasa, na juu yake chupa ya maji. Watoto walijazana kuizunguka. Pasindu alisimama mbele na mchoro wake mkononi kama mtu anayesubiri basi.

"Kabla hujalitoa," akasema Mwalimu, "darasa lisikie. Nimelifikiria jambo hili Jumamosi na Jumapili. Upeksha amesema mbele yenu kwamba chati yangu imekosea. Kama ua hili litakuwa tofauti na chati, nitaibandua. Na kuanzia leo rangi ya ua hili ndiyo nitakayoifundisha. Kwenu, na kwa watakaokuja baada yenu. Haya, tuone."

Mkono wa Upeksha ulikuwa umeshaingia kwenye ndoo, umeshashika kikonyo cha ua lililofifia. Ukaganda pale.

Hakuwa amefikiri hivyo. Alikuwa amefikiri juu ya mchoro wake, na Pasindu, na Jumamosi za bustanini. Sasa aliona watoto wa darasa la saba wa mwaka ujao, na wa mwaka mwingine, wote wameinamisha vichwa wakichora ua linalokufa, kwa sababu yeye alisema ndilo.

"Limeyeyuka?" akauliza Pasindu.

"Nyamaza wewe." Akaliachia lile, akavuta jingine, akalitia kwenye chupa.

Rangi ya samawati ikakaa katikati ya darasa. Kisha msichana mmoja akasema, "Si la chati," na mwingine akasema, "Wala si la Upeksha."

"Wala si langu," akasema Upeksha kwa sauti kubwa kupita ilivyohitajika. Akarudi kwenye ndoo, akatoa ua lililopauka, akaliweka juu ya meza. "Hili ndilo nililotaka kuwaonyesha. Ni la siku ya tatu, limekwisha. Nililifunga uzi ili lifanane na mchoro wangu. Nilinakili mchoro wa Babu, nao umepaushwa na jua. Na Ijumaa nilisema uongo, Mwalimu. Sikuwa nimeiona manel ya porini. Nimeiona Jumamosi kwa mara ya kwanza."

Pasindu akafungua mdomo. Mwalimu akamwinulia kidole, naye akaufunga.

"Kwa hiyo umekosea," akasema Mwalimu.

"Nimekosea. Uniadhibu. Lakini chati nayo imekosea, na hata ukiniadhibu siwezi kuichora ile."

Mwalimu Ranaweera akaenda ubaoni, akaibandua chati, akaileta karibu na chupa. Akainama mpaka miwani ikataka kuanguka.

"Hesabuni petali," akasema.

Wakahesabu. Ua lilikuwa na kumi na nne. La kwenye chati walihesabu mpaka thelathini na moja wakachoka. Ukingo wa jani la chati ulikuwa na meno kama msumeno, ukingo wa jani la ndoo ulikuwa na mawimbi tu. Mwalimu aliinuka. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Hatimaye akaikunja chati mara nne na kuiweka juu ya kabati.

"Wa Pasindu hauendi," akasema. "Wa Upeksha hauendi. Sasa ni saa tatu na robo. Kila mmoja achukue karatasi mpya achore ua hili, hili lililo mbele yake. Na wewe Upeksha, kwa kunitazama usoni na kunidanganya, utafagia chumba hiki wiki nzima peke yako."

"Sawa, Mwalimu."

"Na mimi?" Pasindu akalalamika. "Mimi nilichora kile ulichosema!"

"Ndiyo, mwanangu. Kosa hilo ni langu. Chukua karatasi."

Upeksha akakaa. Hakukimbilia rangi. Alilitazama ua kwanza, akalichora kwa penseli nyepesi, petali kumi na nne, hakuna iliyofanana na mwenzake. Kisha akalowesha petali moja kwa maji matupu, akagusa ncha yake kwa buluu, akaiacha rangi itembee yenyewe kushuka mpaka iishe. Hakutia nyeupe popote. Nyeupe ilikuwa karatasi yenyewe, nayo ukishaifunika huipati tena. Petali ya pili. Ya tatu. Stameni za njano, zenye ncha za buluu. Alisahau kwamba Pasindu yupo.

Saa tano na nusu ua likaanza kufumba. Petali za nje zilijiinua polepole, na kabla ya robo saa lilikuwa limekuwa ngumi. Upeksha alikuwa amemaliza ua na kikonyo. Jani lake lilikuwa bado mistari ya penseli, nalo jani la kwenye meza, lililoshikwashikwa na watoto arobaini na mmoja, lilikuwa limejikunja na kusinyaa.

Akaweka brashi chini.

"Malizia kwa kichwa," akanong'ona Pasindu, ambaye jani lake lilikuwa tayari kijani, na lenye meno. "Jani ni jani tu."

"Lako lina meno ya chati."

Pasindu akalitazama. "Aah!" akasema, akajipiga paji la uso.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yao. Aliutazama mchoro wa Upeksha, na pumzi yake ikasikika.

"Huu ndio utakaokwenda," akasema. "Tia kijani kwenye jani."

"Siwezi. Sikuliona vizuri lilipokuwa zima."

"Mchoro usiomalizika utarudishwa, Upeksha. Weka kijani kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe Mwalimu utajua."

"Utaipoteza nafasi yako kwa ajili ya jani moja?"

Alitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. "Basi niipoteze," akasema. "Nimeshadanganya mara moja juu ya ua hili. Sidanganyi tena."

Mwalimu akatazama saa. Akaugeuza mchoro, akaandika nyuma yake kwa kalamu, akatia sahihi, akautia kwenye bahasha bila kumsomea mtu. Akatoka nayo mwenyewe mpaka barabarani.

Wiki tatu zilipita. Upeksha alimaliza adhabu yake ya kufagia, na hakuna aliyemsaidia isipokuwa Pasindu, siku mbili, akijidai anatafuta kifutio chake kilichopotea.

Kisha siku moja Mwalimu aliingia darasani na barua. Alisimama chini ya mahali ambapo zamani chati ilikuwa, ukuta mweupe juu ya kichwa chake.

"Nyuma ya mchoro wa Upeksha niliandika hivi," akasema. "'Jani halikumalizwa kwa sababu ua lilifumba. Mwanafunzi amekataa kubuni.' Bustani wamejibu. Wanasema wamepokea michoro themanini na sita ya manel. Sabini na tisa ni ya zambarau, ya ua la kupandwa. Sita ina rangi sahihi lakini majani yametungwa. Mmoja tu hauna uongo ndani yake, nao haujakwisha. Upeksha anatakiwa kule Jumamosi, saa tatu. Na barua inasema jambo la kwanza atakalofanya ni jani."

Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Upeksha alikaa palepale, mikono juu ya dawati, akitabasamu kwa nguvu kama mtu aliyekatazwa kulia.

Mwalimu akangoja watulie.

"Sikilizeni, kwa sababu jambo hili nimelipata nikiwa na mvi," akasema. "Mimi niliiamini chati kwa kuwa ilikuwa ukutani. Upeksha aliuamini mchoro kwa kuwa ulikuwa wa babu yake. Sote wawili tulikuwa wabishi, na sote wawili tulikosea. Ubishi wenyewe si kitu kibaya. Mbishie mtu yeyote, hata mimi, lakini kwanza uwe umekwenda ukaona. Na ukishaona kwamba wewe ndiye uliyekosea, simama ulitangaze mwenyewe, usingoje kutangaziwa. Huyu alisimama. Mimi ilinibidi nisimame baada yake, na haikuwa rahisi."

Pasindu akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Mwalimu, kuanzia leo tusikuamini?"

Watoto wakashika vinywa. Mwalimu Ranaweera akaisukuma miwani yake juu ya pua.

"Niamini," akasema. "Kisha nenda ukatazame."